Jiko la Ruzuku

Siku redio ilipotangaza kwamba serikali itatoa ruzuku kwa majiko banifu, yale yanayotumia kuni chache, wakazi wengi wa Singida mjini waliendelea kunywa chai. Shukuru peke yake aliweka kikombe chini. Kwake yeye ruzuku ni neno tamu kuliko yote: kila mtu amelisikia, na hakuna aliyewahi kuliona likishushwa kwenye gari.

Kufikia Jumatatu alikuwa afisa. Alinunua dukani jiko banifu moja, la kweli kabisa, la kuonyeshea watu. Kisha akachukua toyo yake, ile pikipiki ya mizigo ya miguu mitatu ambayo ndiyo mali yake yote duniani, akaipaka maneno UFANISI WA NISHATI, na chini yake namba ya simu ya makao makuu. Makao makuu yalikuwa mkewe, Stumai.

"Wakipiga kuuliza habari zangu, sema ndiyo," alimwagiza.

"Na wakiuliza mengine?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Ofisi ikianza kukataa vitu, watu wanaanza kuidadisi."

Watu wa kijiji cha Mungaa walimpokea vizuri. Utaratibu wake ulikuwa mfupi: kila kaya itoe jiko chakavu na kuku mmoja wa uandikishaji, na mwezi ujao italetewa jiko banifu la ruzuku. Majiko angeyauza kama vyuma chakavu. Kuku wa kienyeji wa Singida, hao hata hawatafutiwi mteja, maana abiria wa Dodoma huwanunua stendi bila kushuka kwenye basi.

Mama Kristina, mjane mwenye ulimi mwepesi, aliwahi kuuziwa taa ya sola iliyogoma kuwaka hata siku moja. Alilizunguka lile jiko la mfano, akaisoma namba iliyoandikwa kwenye toyo, akatoweka kidogo. Aliporudi alikuwa mpole ajabu.

"Shikamoo mama," alisema Shukuru.

"Marahaba, mwanangu. Jambo kubwa namna hii halisemwi barabarani. Twende nyumbani kwa kaka yangu ukaliseme mbele ya wazee. Watu waje na kuku wao huko huko."

Shukuru nusura amkumbatie.

Uani kwa Mzee Andrea, kaka yake Mama Kristina, watu walijaa, na kuku wakapakiwa kwenye toyo. Mzee akakohoa.

"Kijana, umekuja kuchukua jiko?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Hapa petu?"

"Hapa hapa. Na sitaki jipya. Nataka lililotumika."

Akina mama wakaziba midomo kwa kanga. Shukuru akaona hotuba imewaingia, akazidi kupanda.

"Hata likiwa na masizi?"

"Masizi ndiyo sera yenyewe, mzee."

"Utaondoka nalo leo?"

"Leo hii, na hawa wote ni mashahidi."

Wazee wakasemezana kwa Kinyaturu, lugha ambayo afisa hakuijua. Mama Kristina akaingia ndani, akatoka na sanduku kichwani, akapanda kwenye toyo na kukaa katikati ya kuku.

"Twende," alisema.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwako. Jiko si ndilo mimi? Usiogope, situmii kuni nyingi."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Shukuru naye alijaribu kucheka, lakini Mzee Andrea hakuwa anacheka hata kidogo.

"Mzee, mimi nina mke."

"Hilo tuliliuliza. Dada yangu alipiga simu makao makuu. Akapokea mama mmoja, mstaarabu sana. Tukamuuliza kama afisa anaruhusiwa kuchukua jiko huku. Akasema ndiyo. Na kama analo jingine nyumbani? Akasema ndiyo, achukue tu, hata mawili."

Hapo Shukuru alipatikana. Akisema yule mama ndiye mkewe, amesema pia kwamba makao makuu ni chumba chake cha kulala, na kituo cha polisi hakiko mbali. Akinyamaza, ameoa. Ungemwonea huruma, ingawa si nyingi.

"Nitafuata ng'ombe wa mahari mjini," alisema kwa sauti ndogo.

"Vizuri, mkwe," alisema Mzee Andrea, akichomoa ufunguo. "Toyo itakusubiri."

Shukuru alikwenda kwa miguu hadi barabara kuu bila kugeuka nyuma. Kila mtu akamchukua kuku wake. Mama Kristina akalishusha jiko la mfano, akaliwasha kwa mabua machache ya alizeti, na mchuzi ukaiva kabla mabua hayajaisha. Ikabidi wakubali kwamba yote aliyoyasema yule mwongo kuhusu jiko yalikuwa kweli. Kisha, kwa adabu, Mama Kristina akapiga tena makao makuu kuwashukuru, na kuwaarifu kwamba afisa amepata jiko Mungaa, mahari iko njiani.

Jioni Shukuru alifika kwake, vumbi hadi kwenye kope. Begi lake lilikuwa nje. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Stumai, walikupigia tena?"

"Ndiyo."

"Wamekuambia nimeoa?"

"Ndiyo."

"Unajua ni uongo, mke wangu?"

"Ndiyo."

"Basi nifungulie."

Na makao makuu, kwa mara ya kwanza tangu kuanzishwa kwake, yakasema hapana.