Ukurasa wa 62

Lubunga, Kisangani, tarehe 9 Juni 1981

Kwa Citoyen Mkurugenzi,
Chuo cha Juu cha Utabibu cha Maporomoko, Makiso

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwako, na ya Chama ikae ofisini mwako. Mimi ni Mama Katungu, mkunga wa maternité, nyumba ya kuzalia ya Lubunga, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na ni mama mzazi wa Docta Sylvain, uliyempa diploma mwezi wa tatu kwa distinction, yaani alama za juu. (Sylvain ni jina la ubatizo. Najua Chama kimelikataza, lakini nilimzaa nalo.) Siku ile nilicheza mpaka kitenge kikafunguka mbele ya padri. Kwa hiyo usidhani nakuja na roho mbaya. Nakuja kuomba ukurasa mmoja tu.

1. Mwanangu anajua syllabus yenu ya uzazi kwa kichwa, kama mimi ninavyojua rozari. Pale mpiga taipu alipokosea akaandika kwamba mimba ya binadamu ni miezi kumi na tisa, naye anasema kumi na tisa, maana waliosema tisa kwenye mtihani walikatwa pointi.

2. Ukurasa wa 61 unaishia kichwa cha mtoto kikitokea. Wa 63 unaanza mama akinywa uji. Wa 62 hakuna, stencil ya kuuchapia ilipasuka. Professeur alijua, wanafunzi walijua, na kwa heshima hakuna aliyeuliza. Hivyo mmetupatia madaktari arobaini wanaojua kuzalisha mpaka shingoni.

3. Jumatano iliyopita Simone, mke wa Assumani mvuvi, alikuja kuzaa. Nilikaa pembeni kwa kuiheshimu diploma. Docta alianza vizuri, nikamshukuru Bikira Maria. Kichwa kikatoka. Docta akasimama, mikono hewani, macho amefumba, anatafuta. Simone akamwambia, "Docta, unangojea nini, bac ya kuvuka mto kwenda Makiso?" Ndipo akafungua macho akanitazama mimi: "Mama, kuya." Nilikwenda. Kamba ya kitovu ilikuwa imezunguka shingo mara mbili. Leo mtoto analia vizuri, Mungu asifiwe, lakini alitoka na rangi ya wino wenu wa stencil.

4. Nimeazima kijitabu cha mafundisho ya Chama mlichomfundishia mwanangu. Kurasa mia na arobaini, zote zipo. Nauliza kwa unyenyekevu tu: stencil za Chama hazipasuki?

5. Bon, hapa ndipo moyo unaniuma, nikuambie kama ndugu. Barua ya ofisi ya serikali ya zone imefika: kwa kuwa Lubunga sasa ina docta, mkunga apumzike kuanzia tarehe 30. Na binti yangu Adeline anazaa katikati ya Julai, mikononi mwa kaka yake.

Kwa hiyo naomba mchape ukurasa wa 62 kabla ya tarehe hiyo. Kama karatasi hakuna, ongezeni kwa kalamu kwenye kila diploma maneno "mpaka shingoni", wagonjwa wajue. Kama na kalamu hakuna, mtuandikie amri rasmi kwamba wanawake wa Lubunga wazae nusu, na nusu nyingine ingojee stencil. Sisi ni wananchi watiifu, tutajaribu.

Unisalimie bibi yako, professeur, na hasa mpiga taipu. Ninamwombea, maskini, na mimba yake ya miezi kumi na tisa.

Mimi mama yenu katika Kristo,
Katungu, mkunga (hadi tarehe 30)

N.B. Nilikuwa nataka kufunga bahasha. Nimenunua karanga sokoni, na karatasi iliyozifunga ni syllabus yenu, chapa ya zamani: ukurasa wa 62, mzima, una mafuta kidogo tu. Nimeusoma mara mbili kwa Kifaransa changu cha masista. Umeandikwa: "Kichwa kikishatoka, daktari asiguse kitu, amwite mkunga." Kumbe Sylvain alifanya sawasawa bila kuusoma! Citoyen, nafuta malalamiko yote, distinction ni haki yake. Kesho ukurasa huu naupeleka zone. Ile barua yao ya kunipumzisha, ndiyo sasa imefunga karanga.