Lenzi za Kulalia Macho Kodo

Walimwita Kope, kwa sababu kope hukaa juu ya jicho na jicho lisizione. Wiki tatu tu mjini, na mkoba wake ulikuwa umenona. Jioni hiyo alipaswa kwenda zake kabla aliowaliza hawajaanza kulinganisha habari. Lakini tamaa, jamani! Akamsikia mama mmoja wa suti akimgombeza mlinzi wake barabarani: "Kila nikipita umelala! Wateja watanikimbia!"

Kope akasogea. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Dawa ya walinzi wanaolala ninayo mimi."

"Marahaba. Dawa gani?"

"Lenzi za macho. Mlinzi anazivaa, analala fofofo, macho yanabaki kodo. Mwizi akipita anajua anatazamwa."

Bi Mkubwa alikuwa na walinzi arobaini. Akampeleka ofisini, mlinzi wake nyuma yao, akaweka bahasha nene mezani. "Nazichukua zote. Ila nionyeshe kwanza. Lala."

Hapa inabidi tuseme ukweli, ingawa ukweli na Kope hawasalimiani. Zilikuwa lenzi za urembo, rangi ya macho ya paka, zilizopitwa na muda na kutupwa na duka. Mtu mwenye akili angenawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akatumia dawa ya kusafishia lenzi. Kope alizilamba, moja baada ya nyingine, akazipachika.

"Mate?" mlinzi akashangaa.

"Tiba ya asili, kaka."

Akajilaza kwenye kochi, akakodoa macho, akaanza kukoroma.

"Kweli kalala?" Bi Mkubwa akauliza. "Hebu mvue viatu tuone."

Viatu vikatoka. Aamke, biashara ife? Thubutu! Saa ikatoka mkononi, naye akakoroma kwa hisia zaidi. Kisha mlinzi akaushika mkoba.

Moyo wa Kope ukapiga paa. Mlikuwa na jasho la wiki tatu mle, jasho la watu wengine, lakini jasho ni jasho. Akaitazama bahasha pale mezani, akajiliwaza: wananijaribu tu hawa, wakiridhika watarudisha.

"Bi Mkubwa, anatoa machozi."

"Anaota huyo. Maskini, ndoto ya msiba." Akachungulia mkobani, akaguna kwa heshima. "Twende taratibu, tusimwamshe mwenzetu."

Wakatoka na mkoba kwa kunyata. Kope akasubiri warudi, macho yakiwaka moto, asithubutu hata kupepesa. Aliyeingia alikuwa mama mfagiaji.

"We kaka, unafanya nini humu? Chumba hiki kinapangishwa, hakina mtu tangu mwezi jana!"

Kope akaruka, akairarua bahasha. Vipande vya magazeti, vimekatwa vizuri kabisa. Hata yeye asingeweza kuvikata vizuri hivyo.

Kesho yake alifika kliniki ya macho akiwa peku, kope zimevimba, haoni vizuri mlango ulipo. Muuguzi akammulika kwa tochi.

"Ulinawa mikono kabla ya kuzivaa?"

"Hapana."

"Ulizisafisha kwa kitu gani?"

"Kwa mate."

Muuguzi akavuta pumzi ndefu. "Sasa niambie kweli, maana hilo ndilo kosa baya kuliko yote, unaweza kupofuka. Ulilala nazo?"

Kope akaangua kilio, mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia.

"Sikulala, dada! Haki ya Mungu sikulala hata dakika moja! Niliona kila kitu!"