Ombi la Kumzuia Bi Noreen Asitutie Kivuli

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Waogeleaji ya Gannet Rocks,
Sydney.

Mheshimiwa,

Poleni kwa kazi ya kusafisha bwawa baada ya dhoruba. Mimi ni Lachlan Fearnley, umri miaka ishirini na sita, mwanachama wenu mwaka wa nne. Naomba kwa heshima Bi Noreen Tulloch, muuguzi mstaafu, apigwe marufuku kufika kwenye mawe bapa tunapoota jua sisi vijana tunaopenda wanaume wenzetu. Sababu zangu ni hizi:

1. Gwaride la kila mwaka la watu kama sisi limebakiza wiki tatu. Nitakuwa juu ya lori na kaptura ya dhahabu, basi. Mtu mweupe kama mimi akivua shati kabla ya kuiva kwa jua, watazamaji hudhani ametoroka wodini. Shuleni waliniita Maziwa. Kiangazi cha kwanza nilipoiva, mwanamume mmoja alipita, akageuka kunitazama tena. Jambo hilo halisahauliki, Mwenyekiti.

2. Bi Noreen huzunguka na chupa ya mafuta ya kukinga jua na mwavuli wa maua. Jumamosi nilikuwa nimelala kifudifudi, ghafla nikahisi baridi. Kufumbua macho, kivuli! "Geuka, mwanangu, upande huu umeshaungua," akasema. Rafiki yangu Jarrod, anayependa wanawake na wanaume na hivyo ana watu wengi zaidi wa kuwapendeza, alicheka mpaka akapaliwa.

3. Hili lilitokea mbele ya Thanasi Vlahos. Thanasi alirithi kwa babu zake wa Ugiriki rangi ninayoihangaikia tangu Novemba, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa ametandika taulo lake karibu na langu. Bi Noreen akavaa miwani, akaniinamia mgongoni, akauliza kwa sauti ya kusikika bwawa zima: "Hili doa jeusi lina muda gani?"

Nikamjibu nimezaliwa nalo.

"Ulizaliwa juzi? Desemba halikuwepo. Nenda kliniki."

Mwanamke huyu anaujua mgongo wangu kuliko wapenzi wangu wote watatu wa zamani.

4. Ili nimkwepe, nilikwenda saluni kupuliziwa rangi ya ngozi iliyoiva. Nilitoka nikiwa karoti. Mama alinipokea mlangoni akauliza kama ini langu lina shida. Thanasi naye: "We Lachlan, umepakwa rangi ya mlango?" Mashuka yangu mawili yameharibika. Wa kulaumiwa ni Bi Noreen.

5. Leo katutia kivuli bila idhini. Kesho ataleta mawingu. Keshokutwa tutaoga na makoti.

Hivyo basi, naomba asikaribie mawe hayo kwa hatua mia, mwavuli wake uwekwe kizuizini, na klabu itamke rasmi kwamba jua ni haki ya kila mwanachama.

Nisalimieni mlinzi wa bwawa, wazee wanaoogelea alfajiri, na mama wa kibanda cha chai.

Wako mtiifu, ninayezidi kupauka,
Lachlan Fearnley

Nyongeza: Barua hii imekaa siku kumi bila kutumwa. Nilikwenda kliniki nikitaka karatasi ya kumuumbua Bi Noreen, niiambatanishe hapa. Daktari alilitazama lile doa, akaacha utani, akalikata siku ileile. Majibu yametoka leo: lilikuwa saratani, ila bado changa, na limetoka lote. "Ungengoja mwaka mmoja..." akasema, akaishia hapo. Nililia kwenye maegesho kama mtoto. Thanasi ndiye anayenibadilishia bandeji, kwa kuwa mkono wangu haufiki.

Tafadhali puuzeni namba moja hadi tano. Lorini palibaki nafasi moja, tumempa Bi Noreen. Amekubali kwa sharti kwamba sote kumi na wawili tupakwe mafuta ya kukinga jua kabla ya kupanda. Tumemweleza kwamba gwaride huanza jua likishazama. Amesema hataki ubishi.