Kuhusu Geti la Ploti Yako Kuhesabiwa Lango la Boma Langu

Kianda, Kibera,
Tarehe 14 Septemba, 1996.

Kwa Mzee Githinji, Mwenye Ploti,
Kawangware.

Mzee Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, kwa maana si barua ya kusomwa na mtu aliyesimama. Mimi naitwa Ouma, baba yake Marvin, yule kijana mrefu anayechomelea mageti katika karakana ya Thuo iliyo mbele ya ploti yako. Hatujawahi kuonana ana kwa ana, lakini tumesalimiana kupitia kwake kwa muda mrefu, na salamu zako hunifikia, ingawa kijana huzikata njiani. Najua mtu wa umri wako hawezi kusema machache. Lakini yeye akifika huniambia tu, "Githinji amesema niaje," kisha anauliza kama kuna chai.

Nimepata habari kwamba umemwahidi mwanangu chumba cha kupanga ndani ya ploti hiyo, na kwamba atahamia Jumamosi ijayo. Kwa heshima zote zinazostahili mvi zako, napinga. Na kwa kuwa simpendi mtu anayepinga bila kueleza, naeleza kwa nambari.

1. Kwa mila yetu sisi Waluo, kijana aliyebaleghe halali chini ya paa moja na baba yake. Hujenga nyumba yake ndogo, nayo kwa lugha yetu huitwa simba. Simba hiyo husimama ndani ya boma la baba, karibu na lango, ili baba akiamka asubuhi autazame mlango wa mwanawe na kujua kama yumo au hayumo. Huo ndio msingi wa barua yangu. Ukiusahau, yote yanayofuata yataonekana kuwa kelele.

2. Hapa Kianda nina chumba kimoja. Ndani yake mna kitanda, pazia, mke wangu Apiyo, binti yetu Hope anayesoma kidato cha pili, na mimi mwenyewe ninapokuwa sipo kazini. Mila haikutungwa na mtu aliyepanga chumba kimoja. Kwa hivyo tulifanya kama wafanyavyo majirani wote: tangu sauti yake ilipovunjika, Marvin amekuwa akila kwetu na kulala kwa Oluoch, fundi wa viatu wa mlango wa pili, ambaye alikuwa kapera. Nilikihesabu chumba cha Oluoch kuwa simba, Oluoch hakukataa, na mila ikapumzika.

Mwezi uliopita Oluoch akaoa. Simlaumu. Mkewe, Trizah, ni mtu wa adabu, tena anatusalimu vizuri. Lakini hakuwa amemaliza hata kupanga vyombo vyake alipolitoa godoro la Marvin mlangoni, likiwa limekunjwa na kufungwa kamba, na juu yake sahani ya kijana, safi kabisa. Tangu hapo mwanangu analala karakanani katikati ya mageti ya watu, na hapo ndipo ulipomwona ukamhurumia. Nakushukuru kwa huruma hiyo. Ninapinga tu mahali ilikomwelekeza.

3. Kijana akilala katika boma la mtu, watu huanza kumwita kijana wa mtu huyo. Hata sasa dalili zipo. Juzi binamu yangu Amolo alifika kutoka nyumbani, Alego, akamwuliza Marvin kwa Kiluo: kwenu ni wapi? Swali hili kwetu hujibiwa hata na mtoto anayenyonya. Unataja ukoo, unataja mto, unataja kilima, basi. Mwanangu akajibu kwa hicho Kiswahili chao, "Hapa Kianda, mzae. Ukitoka Olympic unashuka tu, ukifika kwa mama wa samaki unaingia kushoto." Amolo akamwambia hapana, anauliza kwao kwenyewe. Marvin akasema, "Ni hapo tu kwa mama wa samaki. Ukipotea, uliza Buda Ouma."

Amolo hakumaliza chai. Nilipomkanya kijana baadaye, alinieleza kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi, "Buda, ushago huko Alego ni yako. Mimi huko ni mgeni, hata mbwa wananibwekea. Wewe wanakujua."

Sasa Mzee, nipime nawe. Ikiwa aliyezaliwa Kianda anasema kwao ni Kianda, wajukuu wangu watakaozaliwa katika ploti yako watasema nini? Watasema kwao ni Kawangware, na mimi babu yao wataniita guka, kwa Kikuyu chenu. Sina ugomvi na neno hilo. Ni neno zuri sana likitamkwa na wajukuu wako.

4. Kuhusu chakula. Mkeo, Mama Valerie, amekuwa akimpa mwanangu mukimo wa viazi na mahindi mchana, akidai kwamba kijana ni mwembamba. Jumapili Marvin alikuja nyumbani, mama yake akampakulia omena, vile visamaki vyetu vya ziwani, akaitazama kwa muda, akasema, "Mathe, hizi zinaniangalia." Omena zimekuwa zikimwangalia tangu alipoota meno, na hakuna siku waliyowahi kukosana. Namwomba Mama Valerie, kwa unyenyekevu, apike vibaya kidogo, angalau mwishoni mwa juma.

5. Mtu muungwana hamalizi malalamiko bila kutoa pendekezo. Pendekezo langu ni kwamba chumba hicho kisiitwe chumba. Kiitwe simba, kwa maandishi na kwa sahihi yako, na kihesabiwe kuwa kimo ndani ya boma langu.

6. Utauliza, boma lipi? Ni swali la haki. Boma langu litaanzia kwenye mlango wangu hapa Kianda. Lakini simba haikai popote, hukaa karibu na lango. Simba ikiwa Kawangware, lango haliwezi kubaki Kianda, vinginevyo tutachekwa. Kwa hivyo naomba geti la ploti yako lihesabiwe kuwa lango la boma langu. Nalijua geti hilo kwa sifa, kwa kuwa mwanangu ndiye aliyelichomelea bawaba zake. Nami nina ujuzi wa malango: kazi yangu ni bawabu katika nyumba za ghorofa za jirani, na kwa kufungua na kufunga malango ya watu wengine nimefikia kuyatambua kwa mlio tu. Sidai ulibomoe wala ulipake rangi. Nadai ukubali tu kwamba ni langu.

7. Nimezingatia matokeo, kwa maana siandiki kwa pupa. Ikiwa mlango wangu uko Kianda na lango langu liko kwako, basi vilivyo katikati ni uwanja wangu. Barabara ya Ngong inapita uwanjani kwangu, na Dagoretti Corner ni mahali pa kuanikia. Sitamzuia mtu kupita. Nitaomba tu kwamba anayepita asalimu, kama ilivyo desturi mtu anapokatiza katika boma la mwenzake, na magari yapunguze mwendo.

Katika nyumba yangu hoja hii ilipokelewa kwa namna mbalimbali. Hope aliuliza, "Baba, kama hadi Kawangware ni uwanja wetu, ni mimi nitafagia?" Nikamjibu kwamba tutagawana. Mama yake naye, ambaye alikuwa akichambua sukuma wiki na sikudhani ananisikiliza, alisema, "Baba Marvin, unataka lango Kawangware, na huu mlango wetu hapa unafungwa na jiwe?" Nilimwomba aliandike pingamizi hilo ili nilijibu ipasavyo. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

8. Hapa naomba unywe maji kwanza. Kwa kuwa nyumba yako imo ndani ya ploti yako, na geti la ploti yako ni lango la boma langu, inafuata kwamba wewe, Mzee Githinji, unaishi ndani ya boma langu. Kwa lugha yetu mtu wa namna hiyo huitwa jadak, yaani mtu wa kuja aliyekaribishwa akapewa mahali pa kukaa. Usikasirike. Mimi mwenyewe nimekuwa jadak hapa Kibera tangu ujana wangu, na nakuhakikishia kwamba hali hiyo haiumi. Masharti yake ni mepesi: hutapanda ua bila kuniarifu, ukichinja utanikumbuka, na ukiulizwa kwenu ni wapi utajibu kwamba ni Kianda.

Jambo hili nilimtuma Marvin akueleze kwa mdomo Jumatano, ili lisikushtue likiwa kwenye karatasi. Alirudi na jibu lako, na safari hii hakulifupisha: "Mwambie babako hapa palikuwa pa guka wangu hata kabla ya lami. Lakini akija, chai iko." Nimelipima jibu hilo kwa makini. Sehemu yake ya kwanza inapingana na nambari 6, kwa hivyo haiwezi kuwa kweli. Sehemu ya pili inanithibitisha kabisa, kwa maana ni nani mwingine amkaribishaye mwenye boma kwa chai, kama si jadak mwema?

9. Ukiona haya ni mazito, basi liko jepesi moja: usimpe chumba. Mwambie kimejaa.

Sitaki uelewe kwamba nawachukia watu wa Kawangware. Mmemfunza mwanangu kazi. Anaongea Kikuyu vizuri kuliko baadhi ya vijana wenu, na Thuo husema hakuna anayeunganisha vyuma viwili kama yeye, huwezi kuona mahali vilipokutana. Nilifurahi kusikia hivyo, kisha nikakosa amani siku nzima. Mtu huzaa mtoto, humlea, humpa jina la ukoo, kisha siku moja mtoto anakunja godoro lake na kuvuka barabara. Barabara si pana. Lakini wewe ni mzazi, una Valerie, na unajua kwamba upana wake hupimwa na anayebaki.

Nasubiri uamuzi wako nikiwa na imani kwamba mtu aliyefuga wapangaji wengi kiasi hicho bila kesi hata moja ana masikio ya kusikiliza. Mnisalimie Mama Valerie, nikisisitiza nambari 4. Mnisalimie Valerie mwenyewe, na Thuo, na wapangaji wote wa mstari wa mbele na wa nyuma, pamoja na yule mama wa uji ambaye Marvin husema hampunji. Apiyo na Hope wanawasalimu. Hata Oluoch na Trizah wanawasalimu, kwa kuwa wamesikia naandika na kuta zetu ni za mabati.

Ni mimi, kwa utaratibu na heshima,
Ouma wa Kianda
(Mwenye boma, endapo utakubali)

Nyongeza: Mzee, tafadhali usiishie hapo juu.

Nilikuwa natafuta gundi ya kufungia bahasha Marvin alipoingia, godoro lake begani. Mama yake alikuwa amekwisha kumwambia yaliyomo. Nikajiweka tayari. Nilikuwa na nambari 10 hadi 14 kichwani, zote kali. Kijana akaketi kwenye kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, buda. Kama hutaki, siendi. Nitalala tu hapa nyuma ya pazia." Hakusema kwa hasira. Akafungua kamba, akalitandika godoro lake mchana huo huo, akajilaza kupima kama anaenea.

Kwa ubishi nilikuwa nimejiandaa, Mzee. Kwa utiifu sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Pazia letu linafika magotini mwake, na kuanzia hapo miguu ilitokeza upande wangu. Nikaketi kitandani nikaitazama. Ina madoa ya cheche za kuchomelea kila mahali, na nyayo ni kubwa kuliko zangu. Hiyo si miguu ya mtu wa kulala kwa baba yake. Apiyo alinitazama tu, na ungekuwapo ungejua alivyonitazama.

Kwa hivyo naomba chumba hicho asipewe mtu mwingine. Lakini mimi siwezi kumruhusu, kwa maana nimekwisha kukataa mbele ya mke, binti na majirani wa pande zote mbili. Wewe ndiwe unikatalie. Tafadhali niandikie jibu la kupinga nambari 5 hadi 9, moja moja, kwa ukali usiopungua wastani. Sema umekwisha kutoa neno lako, na mtu wa Kawangware halirudishi neno lake kwa sababu ya mtu wa Kianda. Ukiweza, nitukane kidogo, ila usiliguse jina la baba yangu. Nitaisoma kwa sauti, nitakasirika kwa muda unaostahili, kisha nitashindwa.

Barua hii inaletwa na Hope. Jibu mpe yeye, si Marvin, na lisichelewe kupita Ijumaa, kwa sababu mkokoteni wa kubeba godoro lake nimeshauagiza.