Nne Yangu na Mia Nane ya Ouma

Leo nimeaibika mpaka samaki wameniona. Chanzo ni uvumi niliouamini kama Injili: eti mwenye namba kubwa akipita karibu na kufuli, kufuli hutetemeka.

Iko hivi. Kikundi chetu cha wauza samaki hapa Sindo kilipoibiwa mbuta, wale sangara wakubwa wa ziwani, Madam Adhiambo, aliyetufundisha hesabu darasa la usiku, alifunga kufuli la namba kwenye chumba cha barafu. Namba ya kulifungua hakumwambia mtu. Aliigawa siri kwetu sisi watano, kila mmoja na namba yake kwenye karatasi. Watatu wowote wakiingiza zao, simu ya kikundi inapiga hesabu na kutoa namba ya kufuli.

Mimi nikapewa 4. (Nne. Mhitimu mzima wa darasa lake.) Ouma akapewa 871. Tangu siku hiyo anatembea kama amemeza mwiko. Akina dada wanaouza omena, wale dagaa, wanamwita Mkubwa. Mimi nne yangu nimeificha, hawaniiti chochote. Nimekonda, mkanda unanizunguka mara mbili.

Leo asubuhi mnunuzi wa Migori amefika na gari, na barafu ndani inayeyuka. Tukakutana mimi, Ouma na Mama Atieno, mwenyekiti wetu. Ouma akaingiza 871 polepole, kila mtu aone. Wivu ukanipanda. Nikaandika 904.

Mama Atieno akaingiza yake, tukabonyeza namba iliyotolewa na simu, kufuli likawaka nyekundu. Tukarudia. Nyekundu tena. Likikosewa mara ya tatu linajifunga hadi kesho, na samaki hawangoji kesho.

"Omera, ndugu yangu, yako ndiyo mbovu," nikamwambia Ouma. (Nilifurahi, siwafichi.)

"Yangu imetoka kwa Madam. Yako je?"

Mama Atieno akampigia Madam. Akaja na wale wawili waliobaki, akataka tuingize zote tano. Hapo ningeandika 4 nikapona. Lakini Ouma alikuwa ananitazama. 904.

Madam akaisoma simu. "Nne zinakubaliana: tatu zozote kati yake zinatoa jibu moja. Moja inadanganya. Hii ya tatu, 904, ni ya nani?"

Wote wakanigeukia. Hata mnunuzi.

"Labda karatasi ililowa," nikasema.

"Hata karatasi yako hatuihitaji. Hizi zingine zinasema ulipewa 4."

Akabonyeza namba iliyotoka, kufuli likawaka kijani.

"Mia tisa na nne," Ouma akasema taratibu. "Kumbe ulitaka kunipita."

Madam akanishika bega. "Hapa hakuna namba kubwa. Yako peke yake haijui kitu, na ya Ouma peke yake haijui kitu. Zinajua zikiwa tatu, na zikiwa za kweli."