Mikono ya Zambarau

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamka na doa jipya. Mkono wa kulia, chini ya kiwiko, upana wa kisosi, rangi ya zambarau iliyoiva. Sikuanguka. Sikugombana na mtu. Nimepigana na nani usingizini? Na shuka? Basi shuka limeshinda.

Si la kwanza. Ngozi yangu siku hizi ni karatasi iliyolowa. Nikiegemea meza, damu inavilia. Nikibeba kikapu, inavilia. Doa haliumi. Linaonekana tu, na hapo ndipo penye matatizo. Mwanangu, dereva wa malori ya safari ndefu, alisema kabla ya kuondoka: Mama, nikirudi nikakuta alama nyingine, cherehani inaingia stoo. Eti kile chuma ndicho kinachoniumiza. Cherehani yangu! Iliyomvika, ikamlisha, ikamsomesha hadi akapata leseni! Leo aifungie stoo kama mbuzi mwizi. Thubutu.

Kwa hiyo, mpango. Nimezikata vidole soksi zangu ndefu za zamani, nikazivaa mikononi hadi juu ya viwiko. Juu yake blauzi ya mikono mirefu. Nikajitazama kwenye kioo. Jasho lipo. Doa halipo. Akili ninazo bado.

Jumanne, 4 Juni

Mkwe wangu, mke wa huyo dereva, ana saluni ya kusuka katika chumba cha mbele. Tunaishi kama sindano mbili katika kijaluba kimoja. Hatugombani, ila kila mmoja anajua ncha ya mwenzake iko wapi. Asubuhi akaniuliza kama nina homa. Nikasema hii ni fasheni. Nje jua linakaanga mawe. Akanitazama kidogo, akarudi kwa mteja wake.

Nikaenda duka la vipodozi. Muuzaji, mwanamke mwenye nyusi za kuchora, aliapa kwamba krimu yake inafuta kila doa, hata la kuzaliwa nalo. Akaniambia nipake kidogo, mara moja kwa siku. Nikapiga hesabu zangu: kama kidogo kinasaidia, kingi kinaponya. Nimepaka asubuhi, mchana na jioni.

Njiani nikakutana na Redio. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja, rika langu. Tunamwita Redio kwa sababu Mungu alisahau kumwekea swichi ya kuzimia. Amevaa gauni lisilo mikono. Mikono laini, haina hata alama ya mbu. Anaitembeza kama watu wanavyotembeza gari jipya. Makusudi. Alijua nitapita.

Jumatano, 5 Juni

Ajali. Nilikuwa nafua nguo uani, joto likanizidi, nikavua soksi za mikono. Nani anatokea kuazima chekeche? Redio. Chekeche ikasahaulika. Akashika kinywa. Akauliza kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kama anayo: Shoga, nani amekufanyia hivi?

Ningeweza kusema ni ngozi tu. Ni maneno mawili matatu. Lakini jana mkwe alikuwa ameniondolea chumvi mezani mbele ya mgeni, akisema mama asizidishe. Mimi! Mwanamke niliyetia chumvi chungu cha watu kabla yeye hajazaliwa! Hasira ilikuwa bado haijaniisha. Tena ilikuwa zamani sana mtu hajanionea huruma.

Sikusema uongo. Niandike hapa ijulikane: sikusema neno. Nilitazama upande wa saluni, nikashusha pumzi.

Redio akanikumbatia. Kwa nguvu. Nina doa jipya begani.

Ijumaa, 7 Juni

Pumzi moja tu, na imekwenda mbali kuliko lori la mwanangu!

Tangu jana wageni hawakatiki. Wamekuja akina mama wa mtaa wa chini, wamekuja hata wasionijua. Mmoja kaleta papai. Mwingine kaleta mto wa kuegemea. Wananishika viganja, wananiita mama yetu, wanatikisa vichwa. Mkwe akipita na chai, wanakaa kimya mpaka apotee mlangoni. Nami nimeanza kutembea polepole zaidi. Sijui kwa nini. Mtu akipewa kiti cha enzi, makalio hujifunza yenyewe.

Ila mchana nikachungulia saluni. Viti vitupu. Yule karani ambaye husukwa kila Ijumaa hakuja. Bibi harusi mtarajiwa ametuma ujumbe kwamba amepata mahali pengine. Mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, anachana nywele zake mwenyewe zilizokwisha kuchanwa. Nikamuuliza watu wako wapi. Akasema labda ni katikati ya mwezi.

Tarehe saba si katikati ya mwezi.

Papai lilikuwa tamu. Halikushuka vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Redio amekuja na ujumbe rasmi, yeye na wanawake wengine wawili. Wamekata shauri: mwanangu akirudi watamweka kitako, wamweleze mke wake ananifanyia nini. Kama hasikii, wataenda mbele, hadi polisi.

Nikasema haraka hakuna aliyenipiga, niligonga kabati. Wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole kwamba wanaopigwa wote hugonga kabati. Nikasema basi, si kabati, mbuzi alinipiga pembe. Wakauliza mbuzi gani, hapa hatufugi. Nikaanza kumsifu mkwe: mpole, msafi, ananipa chakula kwa wakati. Redio akafuta machozi. Akawaambia wenzake: Mnaona jinsi anavyomwogopa?

Kila ninachosema kinakuwa ushahidi. Nikinyamaza, ushahidi. Nikicheka, ni majonzi yamenizidi.

Nimebuni dawa. Kesho nitatoka na mkwe, mkono kwa mkono, mtaa mzima utuone tunavyopendana. Macho hayana pazia.

Jumapili, 9 Juni

Ee Mola.

Nilimwomba mkwe anisindikize kununua uzi. Alishangaa, sijawahi kumwomba chochote isipokuwa kupunguza sauti. Tukatoka. Nikamshika mkono, nikatabasamu kushoto, nikatabasamu kulia. Nikacheka bila kichekesho. Watu barazani, watu dukani, Redio mlangoni kwake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka penye mfereji. Nilikuwa natabasamu juu, mguu ukaenda chini.

Mkwe akanidaka. Alinidaka kabla sijafika kwenye saruji, ningevunja nyonga. Lakini alinidaka kwa mkono, na ngozi yangu si ya kudakwa. Ikachanika kama kitambaa kilichooza, kipande kikajikunja pembeni, damu hadi kwenye vidole vyake. Mtaa mzima uliona. Uliona nini? Mkwe anamvuta bibi kizee, bibi kizee anatoka damu.

Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga. Waligeuza tu nyuso zao, mmoja mmoja, kama watu wanaofunga maduka.

Nyumbani nikajifungia chumbani. Nikabandika plasta kubwa kuliko zote, ile ya gundi kali.

Jumatatu, 10 Juni

Nilijaribu kubandua plasta peke yangu. Ilikubali kutoka, kwa sharti itoke na ngozi. Nikapiga ukelele. Mkwe akaingia.

Nilingoja maneno. Hakuleta maneno, alileta mafuta. Akanikalisha dirishani, akauweka mkono wangu juu ya mto mapajani mwake, akaanza kulowesha kingo za plasta tone kwa tone. Anangoja, analegeza kidogo, anangoja tena. Ni vidole vile vile vinavyofumua nywele zilizosokotana bila mteja kuamka usingizini. Nimevitazama miaka yote hii vikifanya kazi juu ya vichwa vya watu, sikuwahi kufikiri vina uzito gani. Havina uzito wowote.

Nusu ya plasta ilipotoka, akasema bila kuinua macho, “Mama, wanasema nakupiga.”

Nikajibu najua.

“Karani alinipigia simu Ijumaa. Nimengoja useme wewe.”

Basi nikasema. Krimu, soksi, chumvi, pumzi niliyoishusha uani. Hata mbuzi nilimtaja. Nilipofika kwa mbuzi nilidhani atacheka. Hakucheka. Akamalizia plasta, akasafisha kidonda kwa maji, akakirudisha kile kipande cha ngozi mahali pake kwa kidole kilicholowa, kama mtu anayefunika mtoto. Akazungushia kitambaa safi. Ndipo akasema soksi aliziona siku ya kwanza, nilizianika kwenye kamba ya nguo. Alinyamaza kwa sababu alidhani ni aibu yangu, na aibu ya mtu haianikwi.

Kisha akaenda jikoni. Nikasikia bomba limefunguliwa muda mrefu, na hapakuwa na chombo kinachooshwa.

Nina miaka yangu mingi. Sijawahi kujiona mdogo hivi.

Jumanne, 11 Juni

Zahanati. Amenipeleka yeye. Muuguzi, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, alinitazama mikono akasema ameona mingi ya namna hii. Umri na jua vimeikondesha ngozi, mishipa midogo imebaki bila kinga, basi ukiguswa tu damu inavilia chini. Wakanitoa damu wahakikishe hakuna kingine nyuma yake. Akauliza natumia dawa gani. Vidonge vya maumivu ninavyojinunulia akavitenga, akasema daktari avitazame kwanza. Ndipo mkwe akaitoa krimu kwenye mkoba wake na kuiweka mezani. Muuguzi akasoma, akavua miwani. Kumbe ina dawa kali ya kukondesha ngozi yenyewe! Nilikuwa najimenya kama kitunguu, mara tatu kwa siku.

Akanipa maelekezo. Mafuta baada ya kuoga. Kucha fupi. Pembe za meza zivishwe kitambaa. Plasta ya gundi marufuku. Na nivae mikono mirefu, laini, inakinga.

Nikamtazama mkwe. Kumbe fasheni ilikuwa sahihi! Nikaona midomo yake inataka kufanya jambo. Haikulifanya.

Nimekaa barazani jioni nzima nikiitazama mikono hii. Nimeshona miaka mingi, nakijua kitambaa kilichofuliwa sana. Hakichakai kwa uvivu, kimechakaa kwa kuvaliwa. Ukikiweka kwenye mwanga unaona upande wa pili. Hukivuti, hukisugui. Unakitia bitana. Hilo nilijua kwa shati la kila mtu isipokuwa langu.

Jumatano, 12 Juni

Akina mama wa kikundi cha mtaa hukutana Jumatano kwa Redio. Nimeingia bila kubisha. Nikavua blauzi ya juu, nikasimama katikati na fulana, mikono yote miwili nje, zambarau, manjano, bendeji na vyote. Nikasema: hakuna aliyenipiga. Hii ni ngozi yangu. Karatasi ya zahanati hii hapa, anayetaka asome. Mkwe wangu alinidaka nisivunjike. Mwongo ni mimi, na nilisema uongo bila kufungua kinywa.

Kimya. Redio, kimya! Nilidhani amezimia.

Halafu akainama, akapandisha gauni hadi gotini. Muundi mzima wa bluu, umepakwa poda. Amegonga kitanda, akasema, na miguu yake imekuwa hivi siku nyingi. Mikono ndiyo iliyobaki nzuri, ndiyo maana anaitembeza. Akaanza kulia. Mwingine akafunua kiwiko. Mwingine mgongo wa kiganja. Kumbe nusu ya mtaa tunavaa mikono mirefu!

Baadaye ikageuka mashindano. Doa la nani kubwa? Nilijua nimeshinda. Redio akageuza mguu akaonyesha nyuma. Lilikuwa kama ramani ya bara zima. Hata kwa hili kanishinda, mwanamke huyu.

Alhamisi, 13 Juni

Redio amekuja kusukwa. Amechagua kiti cha dirishani, amekaa tangu asubuhi, anawaita wapita njia waje waone kazi. Ndiyo njia yake ya kuomba radhi, kwa sauti kubwa. Alasiri karani akaja, ameinamisha kichwa kabla hata hajaketi. Bibi harusi hakurudi. Hatarudi.

Nilimwomba mkwe msamaha, safari hii kwa maneno. Alikuwa anafagia. Akasema amesikia. Kisha akasema nisogeze miguu. Sijui kama nimesamehewa. Ila usiku chakula kilikuwa na chumvi, kidogo, kwenye kisahani pembeni yangu.

Jumamosi, 15 Juni

Mwanangu amerudi. Ameambiwa yote, na mkewe, si na Redio. Alishika kichwa, akacheka, akashika kichwa tena. Cherehani imebaki barazani, pembe zake zimevishwa sponji. Mimi nimeapa mbele ya wote wawili: kuficha mambo ya mwili, basi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikisumbuliwa na chochote, nitasema siku hiyo hiyo. Nimejifunza.

Kuna kajambo kadogo tu. Sikio la kushoto limeziba tangu juzi. Sauti zinakuja kama kutoka ndani ya mtungi. Si jambo la kutangazia watu. Nimeona ukitabasamu na kuitikia “ndiyo, mwanangu” kila wanaponyamaza kukutazama, hakuna anayegundua.

Jioni mwanangu alizungumza muda mrefu, ameketi upande wa kushoto. Aliponyamaza nikasema ndiyo, mwanangu. Akaruka, akanibusu paji la uso. Mkwe akapiga makofi, kwa mara ya kwanza wiki hii akanichekea. Sasa hivi anakunja nguo zangu kwenye sanduku, na mlangoni mwanangu amewasha lori.

Sitauliza. Nitajua tukifika.