Nani Amefiwa Jengoni?

Jumatatu, 3 Machi

Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba leo, saa moja na dakika kumi asubuhi, nimekubali kuachana na sofa. Miaka kumi na tisa! Mguu wake wa mbele haupo tangu mama mkwe alipolikalia mara ya mwisho. Kopo la rangi limeshika nafasi. Mke wangu alishamwambia mama yake kwamba lile sofa lilitoka zamani. Mama mkwe anafika Jumamosi. Kwa hiyo sofa litoke kabla ya Jumamosi, au nitoke nalo. Nimeambiwa hivyo kwa upole unaotisha.

Nilibebe mwenyewe kutoka ghorofa ya tatu? Mgongo wangu ni wa fundi wa funguo, si wa mpagazi. Nina mpango. Kundi la jengo letu kwenye simu lina watu hamsini na wawili. Anayelitaka achukue bure, mradi alibebe. Nikapiga picha, nikaituma na tangazo la hadhi: "Kwa masikitiko makubwa nawatangazia kwamba mwenzetu, sofa, amevunjika mguu baada ya utumishi wa miaka kumi na tisa. Mwenye huruma aje amchukue." Nilicheka peke yangu. Mke wangu hakucheka. Alinyoosha kidole tu. Pichani, nyuma ya sofa, kwenye kamba, chupi zangu nne. Nikafuta haraka. Dakika mbili tu. Nani angeona?

Jioni nikafungua simu nirudishe tangazo. Jumbe arobaini na sita! Nikasoma tatu za mwisho, kama kila mtu. Hakuna anayepanda juu kusoma za mwanzo. Poleni sana. Poleni wafiwa. Mungu awatie nguvu. Kumbe jengo lina msiba. Nikaandika na mimi: Poleni sana, tuko pamoja. Tangazo litasubiri.

Jumanne, 4 Machi

Haliwezi kusubiri. Lakini kundi lina sheria ambazo hakuna aliyeziandika, na ukivunja moja utajulikana mpaka kwa watoto. Usiulize aliyekufa ni nani. Ukiuliza, umekiri kwamba hujui majirani zako. Usitangaze bidhaa juu ya msiba. Dada wa ghorofa ya nne aliwahi kutangaza friji saa sita tu baada ya msiba, na hadi leo anasalimiwa kwa nyusi. Anayeruhusiwa kuvunja kimya ni admini peke yake, yaani kinyozi wa pale chini.

Mpango: kinyozi aandike chochote. Nikaenda kunyolewa, mara ya pili ndani ya wiki moja. Nikamdokezea kwamba taa ya ngazini imeungua na watu wanapaswa kujulishwa. Akasema mwenye adabu husubiri hadi Jumapili. Kisha akainama, wembe ukiwa shingoni mwangu, akauliza polepole kama nimeshafika kwa wafiwa. Nikasema nimefika. Akasema hata yeye. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa watu.

"Nimemnyoa miaka yote," akasema.

Amenizidi! Nimerudi nyumbani kwa sofa langu na kidevu kinachowaka.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na wazo. Sheria inakataza kutangaza bidhaa. Haikatazi kusaidia! Wafiwa wana wageni, na wageni lazima wakae. Saa tatu, kibandani, ufunguo wa mteja ukiwa nusu, nikaandika kwamba familia yangu inatoa sofa moja kubwa kwa ajili ya waombolezaji. Wafiwa watume watu walichukue. Likishatoka, nani atakumbuka kulirudisha?

Sifa nilizopata! Mwalimu mstaafu alituma sauti ya dakika nne. Mtu mwingine akaandika kwamba vijana waige kwangu. Nina miaka hamsini na moja na sijawahi kuigwa kwa lolote. Ufunguo wa mteja niliuharibu. Sikujali.

Kinyozi hakuvumilia. Haikupita robo saa akatoa viti vinne vya wateja wake.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Hakuna anayetaka kupitwa. Mwalimu katoa viti sita. Dada wa friji, akitafuta msamaha, viti kumi na sufuria ya kupikia watu mia. Wengine, kimoja kimoja. Kisha kinyozi, kwa cheo chake, akatangaza kwamba vyote vikusanywe kwa fundi wa funguo, kwa kuwa ndiye aliyeanza na anawajua wafiwa vizuri.

Nimerudi na kukuta viti thelathini na kimoja sebuleni. Mke wangu yuko upande wa pili wa viti. Namsikia, simwoni. Kaniuliza kutoka huko kama nia yangu ilikuwa kulitoa sofa au kulitafutia wenzake.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna mfiwa aliyekuja kuchukua chochote. Watu wasio na haraka!

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne kinyozi alikusanya watu chini twende pamoja kwa wafiwa. Mimi nitangulie, maana nawajua. Nikatangulia. Nilipanda kwa mwendo wa mtu mwenye uhakika. Kila mlango tuliobisha alitoka mtu aliyekwisha kuvaa, akidhani tunampitia, akajiunga nyuma. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Ukabaki mlango wa paa. Nikaubisha. Kinyozi akauliza, kwa heshima zote, kama wafiwa wanaishi kwenye matangi ya maji.

Tukashuka. Mlangoni kwangu alikuwa amesimama mama mkwe. Akatazama viti ndani, akatazama watu walioinamisha nyuso ngazini. Mkoba ukamdondoka. Akauliza ni nani aliyetutoka. Watu arobaini wakaangalia viatu vyao.

Nesi wa ghorofa ya kwanza, aliyekuwa na zamu wiki nzima na ndio kwanza anarudi, alipanda kuona kuna nini. Akauliza bila aibu: kwani nani kafa? Kinyozi akamkumbusha kwamba pole ya kwanza kwenye kundi ilikuwa yake. Nesi akatoa simu, akapanda juu kwa kidole. Akapanda sana. Kisha akashika ukuta kwa kicheko.

"Jamani, mimi nilimpa pole fundi. Sofa lake limevunjika mguu."

Akatusomea: "Poleni sana, kazi yake ameifanya, sasa apumzike." Na juu ya hapo: ujumbe umefutwa.

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, halafu ngazi nzima. Kinyozi hakucheka. Nikamuuliza mbele za watu: miaka yote hiyo alikuwa anamnyoa nani? Wiki hii sijapata raha kama ile.

Haikudumu. Mama mkwe aliingia kutafuta pa kukaa. Viti thelathini na kimoja! Akavipita vyote, akalikalia sofa. Kopo likateleza. Kutoka sakafuni akasema, "Mwanangu, hili si lile ulilosema limeshatoka?"

Mke wangu akanigeukia mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa kwenye picha.

Wenye viti hawaji. Kila mmoja anaona haya kuwa wa kwanza. Mama mkwe anasema sofa likiwa chini hivi linamfaa magoti, tung'oe na ile miguu mitatu iliyobaki. Atakaa mwezi mzima. Hapa ndani hakuna pa kupita.

Nina mpango. Asubuhi nimepiga picha ya viti na kuituma na tangazo: "Kwa huzuni kubwa nawatangazia kuhusu wenzetu thelathini na mmoja walioachwa bila wa kuwachukua." Mke wangu akanyoosha kidole. Pembeni mwa picha, nyayo za mama yake aliyelala kwenye sofa. Nikafuta haraka. Dakika mbili tu.

Jioni, jumbe hamsini na nane. Nimesoma tatu za mwisho. Nimewapa pole.

Sofa lipo palepale.